Wastani Unaweza Kukudanganya: Tatua Hesabu za Kwataili, Desaili na Pasentaili kwa Pesa Zako Mwenyewe

Leo tunarudi darasani kidogo, lakini usiogope, hakuna mtihani. Kama ulisoma mfumo wa 8-4-4 hadi Kidato cha Nne, basi kwataili, desaili na pasentaili ulikutana nazo kwenye somo la takwimu. Wengi wetu tulizikariri, tukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tukazisahau. Kumbe hizi hesabu zinaweza kukusaidia kuamua mambo mazito: uchukue mkopo au uachane nao, na ubebe pesa ngapi ukienda kufungua duka asubuhi.

Watu wengi hutumia wastani peke yake. Unajumlisha mauzo yote, unagawanya kwa idadi ya siku, basi. Shida ni kwamba siku moja nzuri sana inaweza kupandisha wastani huo, ukaamini unapata pesa ambazo siku nyingi huzioni. Hapo ndipo hizi hesabu tatu zinaingia.

Kwanza, maana yake ni nini?

Fikiria muwa mrefu. Ukitaka vipande vinne vilivyo sawa, utaukata mahali patatu. Nambari zako nazo ziko hivyo. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha uzikate:

- Kwataili ziko 3, zinagawanya nambari zako katika sehemu 4.
- Desaili ziko 9, zinagawanya katika sehemu 10.
- Pasentaili ziko 99, zinagawanya katika sehemu 100.

Kwataili ya 1 ni mahali ambapo robo ya nambari ziko chini yake. Kwataili ya 2 iko katikati kabisa, nusu chini, nusu juu. Kwataili ya 3 ina robo tatu chini yake. Ukishaelewa hilo utaona kuwa kwataili ya 2, desaili ya 5 na pasentaili ya 50 ni kitu kimoja.

Sasa twende kazi.

Swali la 1: Mama mboga na mkopo

*Mama mboga mmoja aliandika faida yake ya siku 11, baada ya kutoa pesa za kununua bidhaa na nauli. Kwa shilingi: 500, 250, 700, 400, 2,280, 180, 620, 350, 550, 320, 450. Anataka mkopo ambao atalipa Sh400 kila siku. Je, ataumudu?*

Tukianza na wastani, jumla ni Sh6,600. Gawanya kwa 11, unapata Sh600. Mtu akiona hivyo atasema, "Chukua tu! Unapata 600, unalipa 400, unabaki na 200." Ngoja kwanza.

Hatua ya 1: Panga kutoka ndogo hadi kubwa. Hii hatua usiiruke kamwe, maana wengi hukosea hapa.

180, 250, 320, 350, 400, 450, 500, 550, 620, 700, 2,280

Hatua ya 2: Tafuta nafasi. Ongeza 1 kwa idadi ya nambari, kisha gawanya kwa 4. Hapa ni 11 + 1 = 12, na 12 ÷ 4 = 3. Kwa hivyo kwataili ya 1 iko nafasi ya 3, ya 2 iko nafasi ya 6, na ya 3 iko nafasi ya 9.

Hatua ya 3: Hesabu kutoka kushoto usome jibu.

- Kwataili ya 1: Sh320
- Kwataili ya 2: Sh450
- Kwataili ya 3: Sh620

Umeona? Katikati ni Sh450, si Sh600. Huo wastani wa 600 aliupita siku tatu tu kati ya 11. Kilichoupandisha ni ile siku moja ya Sh2,280, pengine aliletewa oda ya harusi. Oda kama hiyo haiji kila wiki.

Sasa tazama mkopo. Siku ambazo faida haikufika Sh400 ni nne: 180, 250, 320 na 350. Hizo siku angelazimika kukopa pahali pengine ili alipe huu mkopo, ama atoe pesa za stoki. Na siku ya tano, ile ya 400 kamili, angelipa deni aende nyumbani mikono mitupu. Ukichelewa kulipa, faini zinaongezeka na jina lako linaweza kufika CRB.

Jibu: mkopo huo ni mzito kwake. Kama ni lazima akope, malipo ya kila siku yawe chini ya kwataili ya 1, yaani chini ya Sh320, na bado akumbuke kwamba nyumbani watu wanataka kula.

Je, nafasi isipokuwa nambari kamili?

Swali zuri. Tuseme mama mboga ameongeza siku ya 12, akapata faida ya Sh390. Orodha sasa ni:

180, 250, 320, 350, 390, 400, 450, 500, 550, 620, 700, 2,280

Nafasi ya kwataili ya 1 ni (12 + 1) ÷ 4 = 3.25. Maana yake umefika nambari ya 3, halafu unasonga robo ya njia kuelekea ya 4. Nambari ya 3 ni 320, ya 4 ni 350, tofauti ni 30. Robo ya 30 ni 7.50. Jibu: 320 + 7.50 = Sh327.50.

Kwataili ya 2 iko nafasi ya 6.5, yaani katikati ya 400 na 450, ambayo ni Sh425. Kwataili ya 3 iko nafasi ya 9.75. Tofauti ya 550 na 620 ni 70, robo tatu yake ni 52.50, kwa hivyo jibu ni Sh602.50.

Ukitumia Excel usishtuke ukipata majibu mawili tofauti. Fomula ya QUARTILE.EXC inafuata njia hii yetu ya kuongeza 1. Ile ya QUARTILE.INC inahesabu nafasi kwa njia nyingine, na kwa zile siku 11 za kwanza ingekupa kwataili ya 1 ya Sh335 badala ya Sh320. Hakuna iliyo mbovu. La muhimu ni kuchagua moja na kuishikilia.

Swali la 2: Wakala na pesa taslimu

*Wakala alirekodi pesa taslimu alizohitaji kila siku kuhudumia wateja wa kutoa pesa, kwa siku 60. Anataka kubeba kiasi ambacho kitamtosha siku 9 kati ya kila 10. Abebe ngapi?*

Hapa nambari zimewekwa kwa makundi:

- Sh10,000 hadi 20,000: siku 6
- Sh20,000 hadi 30,000: siku 14
- Sh30,000 hadi 40,000: siku 20
- Sh40,000 hadi 50,000: siku 11
- Sh50,000 hadi 60,000: siku 6
- Sh60,000 hadi 70,000: siku 3

Maneno "siku 9 kati ya kila 10" ndiyo ufunguo wa swali. Ukisikia hesabu ya kumi kumi namna hiyo, jua unatafutwa desaili. Hapa ni desaili ya 9.

Hatua ya 1: Jumlisha siku ukipanda: 6, 20, 40, 51, 57, 60.

Hatua ya 2: Tafuta nafasi. Nambari zikiwa kwa makundi hatuongezi 1. Ni 9/10 × 60 = 54.

Hatua ya 3: Siku ya 54 iko kundi gani? Hadi Sh50,000 tumehesabu siku 51. Hadi Sh60,000 tumefika 57. Kwa hivyo iko kundi la Sh50,000 hadi 60,000.

Hatua ya 4: Ingia ndani ya kundi. Tumepita 51, tunataka 54, kwa hivyo tunahitaji siku 3 kati ya 6 zilizo ndani. Hiyo ni nusu ya kundi. Kundi lina upana wa Sh10,000, nusu yake ni Sh5,000. Jibu: 50,000 + 5,000 = Sh55,000.

Sasa linganisha na wastani. Ukichukua katikati ya kila kundi (15,000, 25,000 na kuendelea), uzidishe kwa idadi ya siku, ujumlishe na ugawanye kwa 60, wastani ni Sh36,000. Angebeba hizo 36,000, pesa zingemwishia takriban siku 28 kati ya 60. Karibu nusu ya siku, mteja anaambiwa "hakuna cash, jaribu kwa jirani." Na mteja akishazoea kwa jirani, kumrudisha ni kazi.

Je, akitaka kuwa salama zaidi? Tumia pasentaili, njia ni ileile. Pasentaili ya 95: 95/100 × 60 = 57, na siku ya 57 inaishia hasa kwenye Sh60,000. Pasentaili ya 99: nafasi ni 59.4. Tumepita 57, zimebaki 2.4 kati ya siku 3 za kundi la mwisho, ambayo ni 0.8 ya kundi. Jibu ni Sh68,000.

Hapo wakala anaona bei ya usalama. Kutoka 90 hadi 95 anaongeza Sh5,000. Kutoka 95 hadi 99 anaongeza Sh8,000 nyingine. Pesa nyingi kwenye droo zinalala bila kazi na zinaalika wezi, kwa hivyo si lazima afukuze 99. Hesabu imempa machaguo, uamuzi ni wake.

Swali la 3: Mtoto na matokeo ya hesabu

*Binti alipata alama 52 kwa 100 kwenye mtihani wa hesabu. Darasa lina wanafunzi 40. Wanafunzi 33 walipata chini ya 52, na wawili, yeye akiwa mmoja wao, walipata 52 kamili. Yuko pasentaili ya ngapi?*

Safari hii tunarudi kinyume: alama tunayo, tunatafuta nafasi. Chukua walio chini yake, ongeza nusu ya waliolingana (yeye mwenyewe akihesabiwa), gawanya kwa wote, zidisha kwa 100.

33 + 1 = 34. Kisha 34 ÷ 40 × 100 = 85.

Yuko pasentaili ya 85. Mzazi aliyeona "52%" pekee angeanza kumfokea mtoto. Lakini karatasi ilikuwa ngumu kwa kila mtu, na binti huyu amewaacha nyuma karibu wote. Asilimia inakuambia alipata maswali kiasi gani. Pasentaili inakuambia amesimama wapi kati ya wenzake. Usizichanganye hizo mbili, kwenye mtihani au kwenye maisha.

Fanya hivi na pesa zako

1. Pata taarifa ya akaunti au till yako ya angalau miezi miwili. Siku 11 zinatosha kwa mfano wa darasani, si kwa kuamua mkopo. Hakikisha kuna mwisho wa mwezi na ile katikati ya mwezi ambapo watu wamekauka.
2. Andika faida ya kila siku, si mauzo. Pesa iliyoingia kwa till bado ina ya stoki, kodi na nauli ndani yake. Mauzo ya cash pia yaandike.
3. Siku uliyofunga biashara iandike sifuri kama mkopo utakudai hata siku hiyo.
4. Panga, tafuta nafasi, soma kwataili ya 1. Hiyo ndiyo nambari ya kulinganisha na deni la kila siku kabla hujabonyeza "kubali".

Jipime

*Mwendesha boda boda alipata kiasi hiki kwa siku 15, baada ya kutoa mafuta: 600, 850, 400, 950, 700, 1,200, 550, 800, 750, 1,000, 650, 900, 500, 1,100, 720. Pikipiki ni ya mkopo, analipa Sh600 kila siku. (a) Tafuta kwataili zote tatu. (b) Tafuta desaili ya 2. (c) Ni siku ngapi hakufikisha malipo?*

Chukua karatasi ujaribu kabla ya kusoma majibu.

Majibu: (a) Nafasi ni 4, 8 na 12, kwa hivyo kwataili ni Sh600, Sh750 na Sh950. (b) Nafasi ni 2 × 16 ÷ 10 = 3.2, kwa hivyo ni 550 + 0.2 × 50 = Sh560. (c) Siku 3: 400, 500 na 550.

Ona kwamba malipo yake yameangukia kwataili ya 1 kabisa. Anaponea chupuchupu, na siku pikipiki ikienda gereji hana pa kushikilia. Mtu kama huyu ile siku ya Sh1,200 asiitumie yote. Atenge kidogo kwenye akiba, imbebe zile siku tatu.

Umepata yote? Hongera. Umekosa moja? Angalia kama ulipanga nambari kwanza. Kisha mtumie makala haya rafiki mmoja anayefikiria kuchukua mkopo wiki hii.