Napunguza Uzito, Lakini Njiani Natetemeka

Shangazi, mimi ni mama lishe hapa Tanga, nina miaka 48 na kilo 94. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa nina kisukari aina ya pili. Natumia metfomini na glibenklamaidi. Daktari alisema nipunguze uzito, basi nikaacha ugali na wali kabisa, na kila alfajiri nakimbia kabla sijatia kitu kinywani. Kilo zimepungua mbili tu. Juzi nikiwa njiani nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakaingia giza, nikashikilia ukuta wa watu. Shoga yangu anasema mwili umeshapona, sasa dawa ndiyo inayonidhuru, niache nitumie unga wa mlonge. Mume wangu naye hataki nikonde, anasema watu watadhani nimeathirika. Nifuate lipi?
Mama Lishe, Tanga

Mwanangu, nianze na huo mtetemeko, maana kilo zinaweza kusubiri.

Uliyoyaeleza yanafanana sana na sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamaidi hulihimiza kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Wewe unaimeza, umeacha wanga wote, kisha unakimbia na njaa. Sukari ya damu itabaki juu kwa nguvu gani? Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Kwa hiyo shoga yako kapatia kidogo: huenda dozi ya dawa moja sasa imezidi chakula unachokula. Alipokosea ni kukuambia uache zote. Anayepunguza dozi ni daktari, akiwa na vipimo mkononi. Ukiziacha kienyeji sukari itapanda taratibu bila kelele, na macho, figo na mishipa ya miguu ndiyo vitakavyolipa. Mlonge ni mboga nzuri, upike ule. Usiupe kazi ya dawa.

Nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Waambie ulivyobadilisha chakula, saa unazomeza dawa na hilo lililokupata njiani. Mpaka hapo, usikimbie tena na tumbo tupu, na usitoke bila sukari kwenye kipochi. Dalili zikirudi, pima kama una mashine. Ukikuta chini ya 4 mmol/L, au kama mashine huna, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama hujapata nafuu rudia. Ukishatulia, kula chakula. Wenzako pale kibandani nao wajue: mtu aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Sasa tuje kwenye hizo kilo mbili. Umeniandikia ulichoacha, hukuniandikia unachokula kutwa, na mimi mama lishe nawajua. Kuna kijiko cha kuonja mchuzi, kisha cha kuonja chumvi. Kuna ukoko wa wali wa nazi, ambao hakuna anayeuhesabu kuwa ni chakula. Kuna kipande cha samaki kilichovunjika kwenye kikaango, chai ya saa nne, na soda ambayo mteja mzuri kakununulia. Chupa ya soda ya mililita 300 hubeba sukari ya vijiko vya chai vinane hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori karibu 120, na kwenye sufuria ya biashara mafuta hayamiminwi kwa kijiko. Halafu usiku, ukiwa umechoka na njaa ya kutwa, unakula vya mabaki. Kwa siku tatu andika kila kinachopita mdomoni, hata cha kuonja. Sidhani kama utahitaji niendelee kukueleza.

Ugali usiuache, kwa sababu hutaweza kuuacha maisha yako yote, nawe unausonga kila siku. Upunguze. Kadiri ya ngumi yako moja kwenye sahani inatosha. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, bamia, matembele au kabichi, na robo inayobaki iwe samaki, dagaa, maharage au kuku asiye na ngozi. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe, ni kweli, lakini mlima wa dona bado ni mlima wa wanga. Asali ni sukari. Juisi ya embe pia, hata ukiikamua mwenyewe. Kula tunda zima, moja, na kiu uitulize kwa maji.

Hapo utaniuliza mbio. Nakuambia wazi kwamba uzito hupungua zaidi mezani kuliko barabarani. Saa nzima ya kutembea inaweza kufutwa na chapati moja na soda. Lakini mazoezi yana kazi yake nyingine: misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na insulini uliyo nayo hufanya kazi vizuri zaidi hata baadaye. Pia ndiyo yanayozuia kilo zisirudi. Kwa uzito wako magoti hayahitaji mbio. Tembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba, dakika 30 kwa siku tano za wiki. Ukizigawa robo saa baada ya chakula cha mchana na robo saa baada ya cha jioni ni bora zaidi, maana hapo ndipo sukari inapopanda. Siku mbili katika wiki ongeza ya nguvu: kaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, inua madumu ya maji. Vaa raba na soksi, si kandambili, na kila usiku kagua nyayo, kwa sababu kisukari huweza kuua hisia na ukaumia bila kujua. Kifua kikibana ukiwa unatembea, simama na uende hospitali.

Kwa mumeo, mwambie hivi: kukonda kunakotisha ni kule kunakoambatana na kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara na uchovu, huku sukari ikiwa juu. Huko hata daktari kunamtia wasiwasi. Huku kwako ni kwa mpango. Nenda naye kliniki akasikie mwenyewe, na mle chungu kimoja, naye hicho kitambi sidhani kama amekipima. Watu watasema tu. Walisema pia uliponenepa.

Lengo la kwanza liwe kilo tano. Hata hizo hushusha sukari na presha. Yapo makubwa zaidi: mwaka 2017 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Roy Taylor na Michael Lean, walichapisha majaribio ya watu ambao kisukari chao hakikuzidi miaka sita. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari, bila dawa, na kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa 86 kati ya 100. Mafuta yaliyoganda kwenye ini na kongosho yalikuwa yamepungua. Ila walikula kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa kliniki, na baadhi yao sukari ilirudi baadaye. Usiige peke yako.

Omba kipimo cha HbA1c kama kinapatikana. Husoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo kipime sasa, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Lakini kwanza kliniki, mwanangu, na raba zifuate.