KIVINJARI NA BETRI YA KOMPYUTA: SOMO LA NISHATI NA KAZI

Katika shule nyingi za sekondari kompyuta mpakato imekuwa chombo cha kufundishia, kama ubao na chaki. Tofauti ni kwamba ubao hauhitaji umeme. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, au hupatikana kwa saa chache kutoka kwenye paneli za jua, somo huendelea kwa muda ule tu ambao betri itahimili. Betri iliyodumu saa nane mwalimu alipokuwa akiandika maswali ya mtihani huweza kwisha baada ya saa tatu anapofungua kurasa za intaneti. Aghalabu lawama huiangukia betri: husemwa kwamba imezeeka, na fedha hutafutwa ili inunuliwe nyingine. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba jambo la kwanza la kuchunguzwa ni kazi inayofanywa na kompyuta, na kwamba kazi hiyo yaweza kupimwa darasani.

Ghala la nishati

Betri nyingi za kompyuta mpakato za siku hizi ni za ioni za lithiamu. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mchango wao katika kuiendeleza. Betri inapotumika, ioni husafiri ndani yake kutoka elektrodi moja hadi nyingine, nazo elektroni hupita nje, katika saketi ya kompyuta, zikifanya kazi.

Nishati inayohifadhiwa hupimwa kwa wati-saa. Ichukuliwe betri yenye seli tatu zilizounganishwa kwa mfululizo, kila seli ikiwa na volti 3.7 na uwezo wa ampea-saa 4.5. Volteji ya jumla ni volti 11.1, na nishati yake ni:

11.1 × 4.5 = wati-saa 50 hivi, yaani jouli 180,000.

Muda wa betri hupatikana kwa kugawanya nishati hiyo kwa wati zinazotumika. Kompyuta ikitumia wati 6, betri itadumu saa 8 na dakika 20. Ikitumia wati 10, itadumu saa 5. Na ikitumia wati 20, itakwisha baada ya saa 2 na nusu. Ghala ni lile lile. Kilichobadilika ni kasi ya kuchota.

Kazi ya kivinjari

Watu wengi hudhani kwamba kivinjari huonyesha ukurasa tu, kama vile karatasi inavyoonyesha maandishi. Hali ilikaribia kuwa hivyo Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Lakini mwaka 1995 lugha ya JavaScript iliingizwa katika vivinjari, na tangu hapo ukurasa wa tovuti umeweza kuwa programu kamili. Ukurasa wa namna hiyo hupokea habari mpya, huchezesha matangazo ya biashara na kuchora upya sehemu za kioo, hata kama msomaji hagusi kitu. Kila kichupo kilichoachwa wazi chaweza kuwa mfanyakazi asiyeonekana.

Kazi hii hufanywa hasa na prosesa, ambayo ndani yake mna transista nyingi mno zinazofunguka na kufunga. Wati zinazotumiwa na tendo hilo hulingana na kipeo cha pili cha volteji, kikizidishwa kwa idadi ya mapigo ya prosesa kwa sekunde. Kazi inapokuwa nyingi, prosesa huongeza mapigo, na ili iweze kufanya hivyo huongeza volteji pia. Kwa mfano, volteji ikipanda kutoka volti 0.8 hadi volti 1.2, yaani mara 1.5, na mapigo yakawa mara mbili, basi:

1.5 × 1.5 × 2 = 4.5

Wati za tendo hilo zimekuwa mara nne na nusu, ilhali kasi ya kazi imeongezeka mara mbili tu. Ziada hiyo hugeuka joto. Ndiyo maana feni ya kompyuta huanza kuvuma kurasa nzito zinapofunguliwa.

Usingizi unaokatizwa

Kinga kubwa ya betri ni usingizi wa prosesa. Kati ya herufi moja na nyingine anayoiandika mtumiaji, prosesa hupata nafasi ya kuzima baadhi ya sehemu zake kwa milisekunde kadhaa. Programu inayoiamsha bila kukoma huiondolea nafuu hiyo, hata kama kazi yenyewe ni ndogo.

Mfano mashuhuri ulijadiliwa sana mwaka 2014. Katika mfumo wa Windows, saa ya ndani kwa kawaida iliiamsha prosesa mara 64 kwa sekunde. Kivinjari cha Chrome kilikuwa kikiiagiza saa hiyo iamshe mara 1,000 kwa sekunde, na kuiacha hivyo hata pasipo haja. Kampuni ya Microsoft ilikwisha kuwaonya watengenezaji wa programu kwamba agizo la namna hiyo laweza kupunguza muda wa betri kwa hadi asilimia 25, kutegemea aina ya kompyuta. Baadaye kasoro hiyo ilirekebishwa. Mwaka 2017 toleo la 57 la Chrome lilianza kuvibana vichupo visivyotazamwa, ili kila kimoja kisitumie zaidi ya wastani wa asilimia 1 ya uwezo wa kiini kimoja cha prosesa. Hata hivyo, vichupo vinavyotoa sauti havikubanwa. Hivyo basi, usimamizi wa mtumiaji bado unahitajika.

Jaribio la darasani

1. Chaji betri hadi ijae, kisha chomoa waya. Weka mwanga wa kioo katika kiwango kimoja kwa jaribio zima, kwa kuwa kioo nacho hutumia nishati nyingi.
2. Kwa dakika 30 tumia programu ya kuandikia pekee. Andika asilimia ya betri mwanzoni na mwishoni.
3. Chaji tena, kisha rudia ukiwa na ukurasa mmoja wa maandishi katika kivinjari.
4. Rudia mara ya tatu ukiwa na vichupo kumi, kimoja kikicheza video.
5. Kokotoa wati za wastani kwa kila hali. Betri ya wati-saa 50 ikishuka kwa asilimia 10 katika nusu saa, imetoa wati-saa 5. Kwa hiyo wastani ni wati 10.

Katika Windows, amri powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Uwezo wa sasa ndio utumike katika hesabu. Kama umepungua sana kuliko ule wa mwanzo, betri imezeeka kweli. Kama tofauti ni ndogo, na wati zinapanda kivinjari kinapofunguliwa, dawa yake haiuzwi dukani: ni kufunga vichupo visivyohitajika, kusimamisha video na kuhifadhi kurasa za somo mapema, ili zisomwe bila intaneti. Faida yake ni ya muda mrefu pia, kwa sababu betri za aina hii hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa na kutumiwa. Anayechota polepole huchaji mara chache, na betri yake hukawia kuzeeka.

Maswali

1. Betri ya wati-saa 40 ilishuka kutoka asilimia 90 hadi 75 katika dakika 30. Kompyuta ilitumia wati ngapi kwa wastani?
2. Kwa kasi hiyo, betri iliyojaa ingedumu kwa muda gani?
3. Eleza kwa nini kichupo kisichotazamwa chaweza kutumia nishati.