Hema la Kutegea Mbu

Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kutiwa katika madimbwi ya Kurasini huko Temeke, Mikocheni huko Kinondoni, na Buguruni. Je, mbu waenezao malaria walipungua? Ili kuwahesabu, watu waliketi nje usiku, wamefunua miguu; mbu alipotua, walimfyonza kwa mrija kabla hajauma. Kazi hiyo ilikuwa na hatari, maana mwenye kusinzia kidogo huumwa. Kwa hiyo wataalamu wa Ifakara wakabuni hema: mtu hulala ndani, nao mbu huingia kwa kufuata harufu yake, wakanaswa. Hema la kwanza halikumkinga vema. La baadaye likatiwa ukuta wa chandarua. Mtego huo hunasa mbu wachache kuliko miguu mitupu, lakini alalaye humo haumwi.