Kiwiliwili cha Belvedere



Leo tuingie kidogo Makumbusho ya Vatikani. Humo kuna sanamu ya marumaru iitwayo Kiwiliwili cha Belvedere: mwanamume aliyeketi, hana kichwa, hana mikono, miguu imekatikia magotini. Mchongaji aliandika jina lake, Apollonios mwana wa Nestor, wa Athene. Aliyechongwa ni nani? Wataalamu bado wanabishana.

Enzi za Michelangelo, sanamu ya kale ikifukuliwa bila mkono ilikuwa kawaida kuitengenezea mwingine. Ndivyo alivyofanyiwa Laocoön, kuhani wa Troya anayepambana na nyoka, aliyefukuliwa Roma mwaka 1506 bila mkono wa kulia. Akawekewa mkono ulionyooka juu, kama shujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkono wake halisi ukaonekana: kumbe umekunjwa nyuma ya kichwa, mkono wa mtu anayezidiwa na maumivu! Kufikia 1960 ukawa umerudishwa mahali pake. Karne nne watu walikuwa wanatazama ushujaa ambao wachongaji wake hawakuuchonga.

Kiwiliwili kiliachwa kilivyo. Wanasimulia kwamba Papa Julius II alimwomba Michelangelo akikamilishe, naye akakataa. Hiyo ni simulizi tu. Ila kwamba alikisoma kwa makini, hilo halina ubishi: angalieni wale vijana aliowachora wamekaa darini mwa Kikanisa cha Sistina, viuno vile vilivyojipinda. Baadaye sana Rodin, Mfaransa, akathubutu zaidi: akaonyesha sanamu ya mtu anayetembea bila kichwa wala mikono, kwa makusudi, kama kazi iliyokamilika.

Sasa Aristotle (mnisamehe, falsafa haijanitoka) anasema kitu kizima ni kile kisichokosa sehemu yake yoyote. Lakini si kila pengo ni sawa kwake. Kikombe kikivunjika kishikio kimepungua, ila bado ni kikombe. Na mwenye upara, anasema, hajapungua kitu! Kwa hiyo wewe uliyefiwa na mzazi, au uliyeishia kidato cha pili, mbona unaharakisha kujibandika mkono wa kishujaa kule mtandaoni? Nani amekuambia mkono wako halisi ulikuwa umenyooka?

Mtazameni pia Kristo katika Hukumu ya Mwisho, picha ambayo Michelangelo aliimaliza mwaka 1541. Wengi wanaona kifua kile kimetokana na Kiwiliwili. Kichwa amempa, mikono amempa, miguu pia. Alama za misumari hakuzifuta.