SOMO LA AFYA: MIONZI YA ASILI KATIKA MAJI HUPIMWAJE?



Kisima kirefu kinapochimbwa, wapo wanaouliza: "Maji haya yatokayo kwenye mawe, hayana mionzi?" Swali ni zuri. Hatari ni kuogopa bomba na kurudi kuchota mtoni kabla ya kupata jibu.

Mionzi hutoka wapi?

Mawe na udongo wa kila nchi vina madini ya urani kidogo. Sehemu nyingine yapo kwa wingi, kama Shinkolobwe kule Katanga, au Bahi na Manyoni hapa Tanzania. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya mwamba huyeyusha urani na radiamu, tena huchukua gesi iitwayo radoni. Ndiyo maana maji ya visima virefu kwa kawaida huwa na mionzi zaidi kuliko maji ya mto au ziwa.

Hupimwaje?

Mionzi haionekani, haina ladha wala harufu. Kushika kifaa juu ya ndoo hakutoshi, kwa kuwa mionzi aina ya alfa huzuiwa na maji yenyewe. Mpimaji hufanya hivi:

1. Huchota maji kwa chupa safi ya plastiki, huandika mahali na tarehe, na hutia asidi kidogo ili madini yasigande kwenye chupa.
2. Katika maabara maji hukaushwa polepole kwa moto, yakabaki masalio.
3. Masalio huwekwa kwenye mashine ya kuhesabu mionzi kwa saa nyingi.

Kwa radoni, chupa hujazwa pomoni bila mapovu na kupelekwa haraka, kwa sababu nusu ya gesi hiyo hupotea kila baada ya siku 4 hivi.

Namba zina maana gani?

Kipimo chake ni bekereli. Bekereli 1 ni atomu moja inayopasuka katika sekunde moja. Shirika la Afya Duniani limeweka viwango vya kuchunguza: alfa 0.5 na beta 1 kwa kila lita. Maji yasiyozidi hapo yanafaa kwa upande wa mionzi. Yakizidi, si kwamba yamekuwa sumu. Maabara hutafuta ni madini gani na ni kiasi gani. Urani hupimwa pia kwa uzito, isizidi mikrogramu 30 kwa lita, kwani huweza kudhuru figo. Ujue pia kwamba mwili wa mtu mzima una karibu bekereli 4,000 za potasiamu itokayo katika chakula.

Wewe ufanye nini?

- Usiache maji ya bomba yaliyotiwa dawa ukanywa ya mto. Mionzi ya kiasi hiki huhesabiwa kwa miaka ya kunywa. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache.
- Kuchemsha na klorini huua vijidudu, lakini haviondoi urani wala radiamu. Usidanganyike na anayeuza dawa ya mionzi.
- Iulize kamati ya maji: kisima chetu kilipimwa lini? Alfa ngapi? Beta ngapi?
- Viwango vikizidi, mafundi wa maji wanaweza kuyachanganya na maji mengine, kuyasafisha kwa mitambo, au kufunga kisima.

Msomee jirani asiyejua kusoma. Maji ni uhai, na kuyajua ni kinga.