SIKU YA PUMZIKO KWA AJILI YA WAGONJWA WETU

Somo la kujifunza pamoja katika parokia na vikundi

Masomo ya kusoma mbele: 1 Wafalme 19:1-8, Marko 2:1-5, Marko 6:30-32, Isaya 38:21, 2 Timoteo 4:20



Neno «retreti» linajulikana kwetu sote. Tunaacha kazi za kila siku, tunakwenda mahali pa utulivu, tunafunga chakula, tunasali mchana na usiku. Ni jambo jema, nasi tumepata nguvu nyingi kwa njia hiyo.

Lakini leo tujifunze juu ya retreti ya namna nyingine. Ni siku moja au mbili zinazotayarishwa kwa ajili ya wale wenye ugonjwa mkali au wa muda mrefu: kansa, SIDA, kifua kikuu, ugonjwa wa sukari, tansio, drepanositozi (ile tunayoita SS), na wale waliopooza. Kwa nini wapate siku yao wenyewe? Kwa sababu retreti ya mtu mwenye afya inaweza kumwua mgonjwa. Neno hili ni zito, lakini tusilifiche.

1. MUNGU ALIMPA ELIYA USINGIZI KWANZA

Nabii Eliya alichoka hata akaomba kufa. Alilala chini ya mti jangwani. Tuangalie vizuri malaika alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Hakumwamuru kufunga. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ni baada ya hapo tu ndipo nabii alipotembea siku 40 mpaka mlima Horebu.

Basi Mungu ana wakati wa kufunga, na ana wakati wa kulisha. Hata Bwana Yesu aliwaona mitume wake wamechoka, hawana nafasi hata ya kula, akawaita kando wapumzike. Kama mitume wenye nguvu walihitaji pumziko, je, mama anayeumwa kansa?

2. TUKUMBUKE MWAKA 1921

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka karibu na Nkamba, Papa Simon Kimbangu alimwombea mama aliyekuwa mgonjwa sana, naye akapona. Habari ikaenea upesi. Watu waliacha mashamba na kazi, wakawabeba wagonjwa wao njia ndefu kwenda Nkamba. Kanisa letu lilianza na wagonjwa. Mtu asiseme kwamba wao ni mzigo.

Tena tukumbuke neno la pili. Papa Simon Kimbangu mwenyewe alifungwa gerezani miaka 30. Aliugua, akafariki tarehe 12 Oktoba 1951 huko Élisabethville, leo Lubumbashi, akiwa bado mfungwa. Hakuna kati yetu anayethubutu kusema kwamba imani ilimpungukia. Kwa nini basi tunamwambia hivyo ndugu aliyelala kitandani mwaka wa tatu? Mtume Paulo aliponya wengi, lakini Trofimo alimwacha Mileto, mgonjwa. Uponyaji ni zawadi ya Mungu. Si deni ambalo mgonjwa analipa kwa kujikaza.

3. DAWA HAISHINDANI NA SALA

Mama mmoja alikwenda retreti ya siku tatu. Alificha vidonge vyake ndani ya kitambaa, kisha akaona haya kuvinywa mbele ya wengine, wasije wakasema hana imani. Alirudi nyumbani amebebwa. Wandugu, dhambi hiyo si ya mama. Ni yetu sisi tuliomtia haya.

Mfalme Hezekia aliombewa na Isaya, na nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikwenda pamoja. Kanisa letu linalosali ndilo lililojenga pia hospitali na vituo vya afya. Kwa hiyo tufahamu haya:

– Mwenye virusi vya SIDA anakunywa dawa kila siku. Akiacha, virusi vinaongezeka tena, na dawa ile inaweza kushindwa kufanya kazi.

– Dawa za kifua kikuu kwa kawaida zinanywewa miezi 6 bila kuruka. Anayeacha katikati anaweza kupata ugonjwa mgumu zaidi, na kuwaambukiza watoto wake.

– Mwenye ugonjwa wa sukari anayejichoma insulini, akifunga chakula, sukari ya damu inaweza kushuka sana. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno yasiyoeleweka. Tusidhani ni pepo. Kama anaweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari. Kama hawezi kumeza, asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

– Mtoto mwenye SS anaumizwa na baridi, kiu na uchovu. Kesha la nje usiku linaweza kumletea maumivu makali ya mifupa.

– Maumivu ya kansa yana dawa zake. Kuvumilia maumivu yanayoweza kutulizwa hakumwongezei mtu utakatifu.

4. NAMNA YA KUTAYARISHA SIKU HIYO

Mahali. Pawe karibu, penye kivuli na hewa, na choo kisicho mbali. Mikeka na magodoro yawepo, maji safi ya kunywa pia. Madirisha yafunguliwe. Aliyeanza dawa ya kifua kikuu juzi tu amwulize kwanza mwuguzi kama wakati umefika wa kukaa na wengine.

Saa. Tuanze saa 3 asubuhi, tumalize saa 9. Kesha lisiwepo. Sala iwe fupi, kisha kimya. Anayetaka kulala wakati wa mahubiri aachwe alale. Eliya naye alilala.

Nyimbo. Siku hiyo fanfari ipumzike. Waimbaji wachache waimbe polepole, au filimbi peke yake.

Chakula. Hakuna kufunga. Uji asubuhi, saa sita bukari laini, samaki na mboga. Mwenye tansio apikiwe bila chumvi nyingi. Mwenye kidonda mdomoni apewe chakula laini kilichopoa.

Dawa. Kila mmoja aje na dawa zake, na mmoja wetu awakumbushe saa. Kama parokia ina mwuguzi, akae nao siku nzima.

Siri. Mtu asilazimishwe kusimama na kutaja ugonjwa wake. Anayetaka kutoa ushuhuda atoe. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Hata jina la dawa ni siri yake. Anayetangaza ugonjwa wa ndugu yake amefunga mlango, na yule ndugu hatarudi.

Safari. Wale wanne wa Kapernaumu walimbeba mwenzao, hata wakafungua dari. Yesu aliiona imani yao, wao waliombeba. Kwa hiyo vijana watafute baiskeli, kigari au gari. Asiyeweza kutoka nyumbani tumfuate kwake watu wawili au watatu, si ishirini.

5. TUSIWASAHAU WANAOTUNZA

Nyuma ya kila mgonjwa kuna mtu asiyelala: mke, binti, dada, pengine mtoto wa miaka kumi na miwili. Anafua, anapika, anageuza mgonjwa, anatafuta pesa ya dawa. Siku ya pumziko ni yake pia. Mama wa parokia washike kazi yake tangu asubuhi hadi jioni. Yeye aoge, ale bila haraka, alale. Mwisho wa siku tumwulize neno moja: «Juma hili tukusaidie wapi?» Kisha tufanye tuliyoahidi. Siku moja ya pumziko bila msaada wa juma ni kama maji yaliyomwagwa juu ya jiwe.

6. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika parokia yetu, nani hawezi tena kufika kwenye ibada? Tulimtembelea lini?

2. Je, kuna mtu kati yetu aliyeacha dawa kwa sababu ya maneno yetu? Nani atakwenda kumwomba msamaha na kumsindikiza kituo cha afya?

3. Tunaweza kuandaa siku moja kabla ya mwisho wa mwezi ujao? Nani ataleta mikeka, nani chakula, nani gari?

Wandugu, swali la tatu lisibaki kwenye karatasi. Wako wagonjwa ambao mwezi ujao unaweza kuwa wa mwisho kwao. Kama Mungu atawaponya, tutamsifu. Kama atawaita kwake, waende wakiwa wamepumzika, wameshiba, wameshikwa mkono na ndugu zao.

Mungu Baba atupe mioyo ya wale wanne. Amina.