Somo la Leo: Gari Kuukuu Liwe Chumba cha Safari

Ndugu msomaji, leo tutajifunza kazi ya mikono. Tutajifunza namna ya kugeuza gari kuukuu liwe chumba cha kulala watu wanapokuwa safarini. Soma polepole. Pahala penye hesabu, chukua kalamu na karatasi, uifanye mwenyewe.

1. NANI ANAHITAJI CHUMBA CHA NAMNA HII?

Watu wa pwani ya Unguja wanajua kuhama kwa ajili ya kazi. Wavuvi hupiga dago. Huacha kijiji chao, wakaenda kukaa pwani nyingine kwa siku au kwa miezi, wakifuata samaki. Wachuuzi nao huwafuata.

Chukua biashara ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mchuuzi wa dagaa hufika dikoni siku za giza. Boti hurudi usiku au alfajiri. Mchuuzi akichelewa, wenziwe wamekwisha nunua.

Basi analala wapi? Wengine hulala chini ya mnazi. Wengine hulala chini ya turubali. Mvua ikinyesha wanaloa, mbu wanawauma, na dagaa waliokwisha kaushwa wanaoza.

Sasa tuseme kuna kikundi cha wachuuzi watatu. Wameweka akiba kwa muda mrefu. Wamepata pikapu kuukuu ya tani moja. Wanataka kuijengea chumba, walale humo kwa zamu na kuhifadhi mali yao. Akiba ile ndiyo ada ya skuli ya watoto wao. Wakikosea, hawana nyingine. Je, waanzie wapi?

2. KAZI HII SI NGENI KWETU

Kwa miaka mingi magari ya abiria ya Unguja yalijengwa na maseremala. Lori dogo lilikuja na kichwa na chesisi. Seremala akajenga bodi la mbao juu yake. Akatia mabenchi marefu pembeni, watu wakaa wakitazamana. Juu akaweka paa la kupakia mizigo: ndizi, mihogo, matenga ya samaki, hata vitanda. Magari hayo yalichukua watu kutoka mjini kwenda shamba, Makunduchi, Jambiani, Nungwi na kwengineko.

Hata nchi za mbali walianza kwa njia nyepesi. Huko Ujerumani, Volkswagen walianza kutengeneza basi dogo mwaka 1950. Mwaka 1951 kampuni nyingine, jina lake Westfalia, ikatengeneza sanduku la mbao lenye vyombo na pahala pa kulala, la kutiwa ndani ya basi hilo. Siku za kazi sanduku lilitolewa, gari likabeba mizigo. Siku za safari lilirudishwa.

Tunajifunza jambo hapo. Chumba kizuri ni kile kinachoweza kutolewa. Gari la mchuuzi lina kazi nyingi. Wiki hii linalaza watu, wiki ijayo linabeba makumbi.

3. ANZA CHINI

Watu wengi huanza na mambo yanayoonekana. Wanataka rangi, mapazia na maandishi kwenye kioo. Hilo ni kosa. Soma mazungumzo haya baina ya mchuuzi na fundi wa gereji.

"Assalamu alaykum, fundi."

"Waalaykumu salamu. Karibu, mwanangu. Gari lako hilo?"

"Ndiyo, mzee. Tunataka kulijengea chumba cha mbao. Na rangi ya kijani, iwe inang'ara."

"Rangi tutapaka. Kwanza lilete hapa shimoni, nilitazame chini."

Fundi akaingia chini na nyundo ndogo. Akagonga chesisi pole pole, kuanzia mbele mpaka nyuma. Pahala pazima palilia ngo, ngo. Alipofika karibu na springi ya nyuma, sauti ikabadilika. Ikalia kama kopo bovu, na unga wa kutu ukamwagika.

"Umesikia? Hapa pameliwa. Nikiweka chumba juu, siku moja chesisi itakatika njiani nanyi mumo."

"Basi mzee, tutafanyaje? Pesa tulizobakisha ni za rangi."

"Pesa za rangi ndizo zitakazotengeneza chesisi. Rangi haishiki breki, mwanangu."

Fundi huyu amesema kweli. Kabla ya kununua ubao hata mmoja, kagua mambo haya matano:

(a) Chesisi. Iwe haina ufa wala kutu iliyotoboa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma upesi.
(b) Breki. Gari likizidi uzito, linataka mwendo mrefu zaidi mpaka lisimame.
(c) Springi na mipira. Mpira uliopasuka pembeni usitumike, hata kama kashata zake bado nzuri.
(d) Usukani. Uwe haulegei.
(e) Ekzosi. Isivuje, maana moshi wake utaingia chumbani. Mdomo wake utoke nje kabisa, upande usio na dirisha.

Kama gari limeshindwa katika mambo haya na pesa za kulitengeneza hazipo, usijenge. Uza vyuma, weka akiba tena. Ni uchungu, lakini ni nafuu kuliko maziko.

Nenda pia ukaulize ofisi inayosajili magari na askari wa usalama barabarani. Waeleze umbo unalotaka kulipa gari lako. Uliza kabla, usiulize baada ya kukamatwa. Na bima iandikwe kwa gari jinsi lilivyo sasa.

4. HESABU YA UZITO

Pikapu ya tani moja hubeba kilo 1,000. Ukijenga chumba, chumba chenyewe ni mzigo. Utajuaje uzito wake? Weka ubao mmoja kwenye mizani, kisha zidisha kwa idadi ya mbao. Tuifanye hesabu ya wachuuzi wetu:

Mbao 40, kila mmoja kilo 7: kilo 280
Bati la paa, boliti na misumari: kilo 50
Magodoro: kilo 20
Madumu 3 ya maji, lita 20 kila moja: kilo 60
Sufuria, jiko na mkaa: kilo 40
Watu 3, kila mmoja kilo 70: kilo 210
JUMLA: kilo 660

Sasa toa: 1,000 kutoa 660, inabaki 340.

Gunia moja la dagaa wakavu tuseme lina kilo 30. Wachuuzi wetu walizoea kupakia magunia 15. Hizo ni kilo 450. Umeona? Wamezidi kwa kilo 110. Magunia wanayoweza kupakia sasa ni 11 tu.

Na kumbuka, tani moja ile ilikuwa siku gari likiwa jipya. Gari kuukuu lipunguzie.

Uzito uwekwe wapi? Uwekwe chini na katikati. Maji na magunia yakae sakafuni. Ukiweka madumu na magunia juu ya paa, gari litayumba penye kona na linaweza kupinduka. Ni kama ngarawa: watu wakisimama wote, inalala upande.

5. KUJENGA CHUMBA

Pima kabla ya kukata. Mtu wa kadiri anataka kitanda cha futi 6. Pima urefu wa bodi, upana wake, na kimo cha mlango. Usiongeze upana nje ya bodi, maana njia zetu nyingi ni nyembamba. Kimo nacho kisizidi. Njia za shamba zina matawi ya miembe na mikarafuu, na paa refu hushika upepo.

Nguzo ziwe za mbao ngumu, kama mvule. Kuta ziwe za mbao nyepesi. Sakafu ya chumba ifungwe kwenye chesisi kwa yuboliti. Yuboliti huzunguka chuma na kukibana, kwa hiyo huna haja ya kutoboa chesisi. Misumari peke yake haitoshi. Gari linatikisika, na msumari hutoka wenyewe kidogo kidogo.

Kitanda kiwe kasha. Seremala wa Mji Mkongwe anajua kutengeneza makasha. Mwambie atengeneze makasha mawili marefu, moja kila upande. Ndani utaweka nguo, mizani na vyombo. Juu utaweka godoro. Mchana ni benchi, usiku ni kitanda.

Paa liinamishwe kidogo kwa nyuma, maji ya mvua yateremke. Pahala mbao zinapokutana patiwe kalafati, kama mafundi wa Nungwi wanavyofanya kwenye majahazi. Pamba yenye mafuta hushindiliwa kwenye nafasi iliyo baina ya mbao, maji yasipite. Halafu paka rangi ya mafuta. Fanya kazi hii kabla ya masika, mbao zikiwa kavu.

Tia madirisha mawili yanayotazamana, upepo uingie huku na utokee kule. Yafunge kwa wavu wa mbu. Mlango uwe na komeo la ndani, na uweze kufunguliwa na aliyemo ndani wakati wowote. Usimfungie mtu kwa kufuli ya nje, hata kwa dakika tano za kwenda dukani. Moto hausubiri ufunguo.

6. MKAA USILALE NA MTU

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili. Msomee na asiyejua kusoma.

Usiku wa mvua, watu wataona baridi. Mbu nao watasumbua. Mmoja atasema: "Tuingize jiko ndani, makaa yanakaribia kuzimika, hayana moshi." Maneno haya yanaua.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, jina lake kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Huioni, huisikii puani. Ikiingia mwilini huishika damu, damu ikashindwa kuchukua hewa safi. Makaa yanayofifia nayo huitoa, hata kama huoni moshi. Katika chumba kidogo kama hiki, aliyelala anaweza asiamke tena.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ukiona dalili hizi, fungua mlango mara moja. Watoe wote nje kwenye upepo. Wapelekeni hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu.

Kwa hiyo pika nje, jiko libaki nje. Usilale ndani huku injini inanguruma au jenereta iko karibu. Petroli isiwekwe chumbani. Kwa mwangaza, tumia taa ndogo ya betri inayochajiwa kwa jua. Waya wake uwe na fyuzi.

7. KUKAA NA WATU

Ukifika kijiji cha watu, mwone sheha kabla ya kulaza gari. Mwambie mko wangapi, mnatoka wapi, na mtakaa siku ngapi. Mgeni aliyejulikana hupata msaada usiku.

Usilaze gari mchangani penye alama ya maji. Siku za bamvua bahari hupanda sana, na itakukuta umelala. Laza gari pagumu, juu. Ukirudi nyumbani, lioshe chini kwa maji ya kisima au ya bomba, uondoe chumvi.

Jambo la mwisho ni choo. Chumba chetu hiki hakina choo. Uliza choo kilipo kabla giza halijaingia. Usiende pwani wala kichakani. Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka Zanzibar, na kilianzia katika kijiji cha wavuvi. Watu wanaohama hama wanaweza kuchukua ugonjwa huu kutoka diko hadi diko. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Wachuuzi wetu watatu wafanyeje, basi? Watengeneze chesisi na breki kwanza. Wajenge chumba chepesi. Wapakie magunia 11, wala si 15. Rangi ya kijani itakuja msimu ujao, kwa faida ya dagaa.

MANENO YA LEO

Bamvua: siku ambazo maji ya bahari hupanda na kushuka sana.
Chesisi: mifupa ya chuma iliyo chini ya gari, inayobeba bodi.
Dago: kambi ya wavuvi waliohama kijiji chao kwa muda.
Diko: pahala boti za uvuvi zinapofikia pwani.
Kalafati: pamba yenye mafuta ya kuziba nafasi baina ya mbao.

MASWALI

1. Kwa nini fundi aligonga chesisi kwa nyundo kabla ya kuzungumza habari za rangi?
2. Wachuuzi wakiongeza madumu 2 ya maji ya lita 20, wataweza kupakia magunia mangapi ya dagaa?
3. Taja dalili tatu za mtu aliyevuta hewa ya sumu ya mkaa. Utamsaidiaje?
4. Zungumzeni darasani: kijijini kwenu nani hulala nje kwa ajili ya kazi? Gari moja la ushirika lingewafaa? Nani alitunze, na pesa za matengenezo ziwekwe wapi?